Feni Iliyogeukia Ukuta

Feni yake ilipuliza ukuta, na kila aliyepita alitaka kuigeuza. Mama muuza chai wa pembeni alitaka kuigeuza. Wabeba mizigo waliokuja kuomba maji walitaka kuigeuza. Hata bwana wa kusoma mita ya umeme, ambaye kazi yake haihusiani na upepo hata kidogo, alisimama akaitazama, akasema kwa huruma, "Mama, hii feni umeiweka ndivyo sivyo. Unapepea ukuta."

"Huo ukuta una joto kuliko wewe," Mwalimu akamjibu. "Soma mita yako, baba, uende."

Huyo ndiye Mwalimu niliyemjua kwa miaka yote tuliyopakana pale Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, mimi nikiuza vifungo, zipu na nyuzi, yeye akifundisha kompyuta chini ya ngazi. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sikumuuliza, na yeye hakuwahi kuniuliza mimi huko Kilimanjaro nilitoka kijiji gani. Wapo waliosema alikuwa mkaidi, wapo waliosema mjuaji, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Wengi wao hawajawahi kukaa ndani ya chumba chake mchana wa masika, mashine zote zikiwa zimewashwa, wakatoka na nguo kavu. Mimi nimekaa. Kwa hiyo waniache niseme.

Kwanza, chumba chenyewe hakikuwa chumba. Ilikuwa nafasi iliyobaki chini ya ngazi za nyuma za ghorofa la zamani, ndefu na nyembamba. Mlangoni ilikuwa fupi, ikipanda kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo kila mtu aliingia ameinama na wanafunzi warefu wakaketi mwisho. Huko mwisho, juu kabisa, palikuwa na matofali ya matundu yaliyotazama ushoroba wa nyuma ya nyumba. Matundu hayo ndiyo yaliyomfanya akubali kupanga pale. Alinieleza kwamba alikuwa ameonyeshwa fremu za maduka nzuri zaidi barabarani, zenye vigae na mlango wa chuma, akazikataa zote kwa sababu zilikuwa na mdomo na hazikuwa na pua.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu ambavyo zamani vilitaka kibali cha mtu mwenye tai sasa vilitaka fremu tu, na fremu hazikutosha. Duka moja liligawanywa kwa plaiwudi likawa matatu. Mtu alikodi kizingiti akauza saa. Mitumba iliingia kwa marobota, redio ziliingia, viatu vya plastiki viliingia, na nyuma yake zikaja kompyuta zilizochoka kutoka ofisi za ng'ambo, rangi yake imekuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara. Mwalimu alikuwa akisema mji wetu umejifunza kuingiza tu, na siku utakapotakiwa kupumua utashangaa.

Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha upigaji taipu katika chuo cha serikali mpaka walipopunguza wafanyakazi. Wanafunzi wake wengi walikuwa wa aina hiyo hiyo, makarani waliopunguzwa, makatibu muhtasi waliopunguzwa, watu wazima wenye miwani wakishika kibodi kwa woga. Mtu akianza kulia hali mbele yake hakumpa pole. "Mimi pia nilipunguzwa," alisema, "lakini sikupungua." Kisha alimwonyesha pa kukaa. Nimewaona watu waliofika pale wakiongea kwa kunong'ona, baada ya majuma machache wakigombania kiti.

Neno la kwanza aliloniambia mimi halikuwa la kukaribisha. Nilikwenda kujitambulisha, kama jirani anavyotakiwa, nimebeba sahani ya maandazi. Nikabisha hodi, nikasimama pale mlangoni nimeinama, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, na papo hapo akasema, "Jirani, umeziba."

Nilidhani ananitania mwili, maana mimi si mwembamba. Kumbe alimaanisha mlango. Mlango ule mfupi ndio uliokuwa unaingiza hewa ya darasa zima, nami nilikuwa nimesimama katikati yake na sahani. Nikasogea. Maandazi aliyapokea vizuri, akayasifia, akala mawili mbele yangu, lakini kwanza nilisogea. Tangu siku ile sijawahi kusimama katika mlango wa mtu bila kulisikia neno hilo.

Elimu yake yote ya feni aliifundisha kwa maneno mawili ambayo kila mtoto wa Kiswahili anayo, karibu na kwaheri. Sipiyu, lile boksi lenye ubongo wa kompyuta, kwake lilikuwa nyumba. Feni ya mbele, chini, inasema karibu. Feni ya nyuma, juu, inasema kwaheri. Hewa ya baridi inaingia kwa mbele, inapita kusalimia kila aliyemo, inabeba joto lao na kuondoka nalo kwa nyuma, juu, kwa sababu joto lenyewe linapenda kupanda. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Hewa haina hata siku mbili. Ikishasalimia, itoke."

Sasa kosa la watu wetu ni moja, na alilipiga vita maisha yake yote. Kwetu mtu mwenye joto anapepewa usoni. Mama anampepea mtoto, na mfiwa anapepewa kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyewahi kuona mgonjwa akipepewa kwa kupewa mgongo. Kwa hiyo mafundi wa Kariakoo, kompyuta ikichemka, walifanya kama mama zao walivyowafundisha. Waliongeza feni na kuielekeza ndani.

Fundi mmoja wa mtaa wa pili, kijana mwenye majivuno yake, alimletea sipiyu aliyoitengeneza kwa feni mbili kubwa, ya mbele na ya nyuma, zote zikipuliza ndani. Bado ilikuwa inazimika yenyewe. Mwalimu akaifungua kifuniko, akaweka mkono, akatikisa kichwa.

"Umeweka karibu mbili," akasema. "Kwaheri iko wapi?"

"Mwalimu, si inapata upepo mwingi lakini?"

"Inapata wageni wengi. Nyumba ambayo watu wanaingia tu hawatoki, mwanangu, hiyo ni ya msiba."

Akampa bisibisi aigeuze ya nyuma mwenyewe. Kijana aliigeuza huku akinitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa. Nilikuwa na wateja.

Mambo mengine aliyafanya kwa vitu vya dukani kwangu, ndiyo maana nayajua. Nyaya ndani ya boksi alizikusanya pembeni akazifunga kwa vipande vya ukingo wa kitambaa, zisikae njiani. Matundu matupu ya nyuma ya sipiyu, yale ambayo mafundi huyaacha wazi wakidhani ni hewa ya bure, yeye aliyaziba kwa karatasi ngumu. "Upepo ni mvivu kuliko wanafunzi," alisema. "Ukimpa njia ya mkato hapiti darasani." Na vumbi la Kariakoo, ambalo linaingia hata kwenye yai, alilizuia kwa soksi ndefu za kike, zile nyembamba za nailoni, amezivisha kwenye mdomo wa kila mashine. Kila Jumamosi alizifua na kuzianika mlangoni. Wanaume wa mtaa walikuwa na maneno yao kuhusu mwanamke mmoja kuanika soksi nyingi namna ile. Alipita katikati yao ameshika beseni, hakugeuka.

Uzi nao ulikuwa wangu. Mweupe, wa kushonea, kipande cha urefu wa kidole. Alikifunga nyuma ya kila sipiyu, na kingine kwenye yale matofali ya matundu. Uzi ukiruka nje, mashine inapumua. Uzi ukilala, kuna tatizo. Alipofundisha hakutazama nyuso za wanafunzi, alitazama nyuzi. Mashine zenyewe alizipanga mstari mmoja, migongo yote upande mmoja, maana zingetazamana mgongo kwa uso, moja ingevuta joto la nyingine. "Hatupumuliani mdomoni hapa." Hewa ya moto ilipita nyuma ya mstari ule kama mtu anayepita kwa adabu nyuma ya waliokaa, na kule mwisho feni kubwa, ile iliyogeukia ukuta, ikaisukuma kwenye matundu hadi nje. Chumba kizima kilikuwa sipiyu moja, sisi ndani yake.

Joto lililotoka lilipanda ushorobani hadi kwa Mama Hansa, mama wa Kihindu aliyeishi juu na familia yake. Mwanzoni alilalamika. Masika yalipokuja, nguo za kila mtu zikanuka unyevu, akagundua kwamba kamba iliyo juu ya matundu ya Mwalimu inakausha soksi za shule za watoto kabla ya chai. Baada ya hapo hakulalamika tena, na Divali haikupita bila sahani ya vitamu kushuka chini ya ngazi.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyehubiri hewa mchana kutwa alivaa sweta lililofungwa vifungo hadi shingoni, na vifungo nilimuuzia mimi. Soda baridi hakuigusa, alikunywa chai ya tangawizi inayofuka. Na huyu bingwa wa kwaheri mwenyewe hakuaga mtu. Kwenye harusi, kwenye kikao cha wapangaji, kwenye msiba, ungegeuka kumwambia neno ukakuta kiti kitupu. Nilimsema kwa hilo. Akaniambia feni haiagi, feni inatoa. Nilimwona mkorofi siku ile, na bado namwona.

Basi mwenye nyumba akaja. Alikuwa bwana mpole wa sauti na mgumu wa uamuzi, na sisi sote tulikuwa wapangaji wake. Aliona ushoroba wa nyuma umekaa bure wakati watu wanakodi vizingiti. Akaamua kuujenga uwe fremu mbili. Ukuta wa fremu hizo ungepita pale pale kwenye matundu ya Mwalimu. Tofali zilishushwa siku ambayo mvua ilikuwa imekatika asubuhi na joto la kunata limeanza kupanda kutoka ardhini. Fundi mjenzi alikuwa tayari anapima kwa kamba.

Mwalimu alitoka, sweta lake shingoni. "Baba, hapo ni puani kwangu."

"Mwalimu, wenzako wote wanakaa bila tundu."

"Wenzangu wanauza mabakuli. Bakuli halichemki."

"Basi nitakuwekea feni nyingine. Nitakununulia mwenyewe, mpya, ikupepee vizuri." Na alisema kwa moyo mweupe, sitamsingizia.

Wanafunzi walikuwa wamesimama wima kule ndani. Yule karani wa zamani wa benki, mzee wa makamo ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuandika barua bila kutazama vidole, alikuwa ameshika kibodi kama mtu anayekaribia kunyang'anywa. Walijua. Matundu yakizibwa darasa limekufa, na hakuna mwingine Mchafukoge ambaye angewafundisha watu wa umri wao bila kuwacheka.

Nilitegemea Mwalimu abembeleze. Wengine tungebembeleza. Yeye akasema, "Ziba leo kwa maboksi, baba. Halafu ingia ukae nasi mpaka somo liishe. Likiisha nawe bado unataka ukuta, nitakukorogea saruji kwa mikono hii."

Watu walikuwa wameshajaa, na mwanamume hawezi kurudi nyuma Kariakoo mbele ya watu. Akacheka, akakubali. Wabeba mizigo wakapanga maboksi na robota la mitumba ushorobani, wakayabana kwenye matundu. Mwenye nyumba akainama, akaingia, akapewa kiti cha mwisho kabisa, kwenye heshima, chini ya matundu. Mimi nilisimama nje, pembeni ya mlango. Nilikuwa nimeshajifunza.

Somo likaanza. Nyuzi zikalala, mmoja baada ya mwingine, kama vifaranga. Mwalimu aliziona, akaendelea kufundisha namna ya kupanga aya. Mwenye nyumba akalegeza kola. Akatoa leso. Baada ya muda akasema, kwa ile sauti yake ya upole, "Mwalimu, si uigeuze hiyo feni itupepee?"

"Karibu, igeuze."

Akainuka akaigeuza mwenyewe. Upepo ukawapiga usoni na darasa zima likashusha pumzi. Nilimwona anatabasamu, na mimi nikasema moyoni, Mwalimu ameshindwa. Lakini upepo ule ulikuwa joto lile lile la mashine, likizungushwa, likirudi. Mashine ya kwanza ikazimika. Ya pili ikaanza kukoroma, ikazimika. Karani wa benki aliendelea kuandika kwenye skrini nyeusi, kwa heshima. Sasa walikuwa wanapepewa na wanatokwa jasho pamoja, jambo ambalo hata mimi nisingeliamini ningesimuliwa.

Mwenye nyumba akasimama, akaelekea mlangoni, akasahau ngazi, akagonga kichwa. "Natoka kidogo," akasema.

"Kwa nini? Upepo si upo?"

"Upepo upo," akasema yule bwana, anafuta shingo, "hewa hakuna."

Mwalimu akageukia ubao. Akaandika maneno hayo kama yalivyotoka, kwa mwandiko wake wa chuo. *Upepo upo, hewa hakuna.* "Andikeni," akawaambia wanafunzi.

Na kama aliyengojea zamu yake, sauti ya Mama Hansa ikashuka kutoka juu. "Mwalimu, leo iko nini? Soksi ya watoto haikauki."

Maboksi aliyatoa mwenye nyumba mwenyewe. Tofali zilihamia nyumba yake nyingine. Alitutangazia mtaani kwamba yule mama ana kichwa kigumu. Mwalimu aliposikia akasema lazima kiwe kigumu, mtu anaishi chini ya ngazi. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikampunguzia mteja bei bila kuombwa.

Sisemi alishinda milele. Miaka ilipita, ghorofa lile la zamani likavunjwa lote, ngazi na matundu na fremu yangu pia, likajengwa refu la vioo. Tulipewa taarifa, tukatawanyika. Asubuhi moja nilikuta mlango ule mfupi wazi na chumba kitupu. Hakuniaga, nilijua hataaga. Kwenye tofali la matundu uzi mweupe ulikuwa bado umefungwa. Nilisikia baadaye kwamba amefungua darasa Ilala, kwenye sebule ya mtu, na kwamba sharti lake la kwanza lilikuwa kutoboa ukuta.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa huko Ilala, nyumbani kwa wifi yake. Karani wa benki, sasa mzee kabisa, ndiye aliyenipa habari kwamba Mwalimu anaumwa kifua. Nilikuta chumba kimejaa. Wageni kitandani, wageni mkekani, wageni wamesimama, kila mmoja na pole yake. Dirisha limefungwa ili upepo mbaya usimwingie, pazia limeshushwa, feni ya mezani imesogezwa hadi karibu na uso wake, na bibi mmoja anampepea kwa kanga kuongezea. Mwalimu alikuwa amekuwa mdogo sana. Sweta lilikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, jirani." Akavuta pumzi, nayo ilichukua safari. "Unaona walivyonifanya?"

"Naona."

"Karibu tupu, kwaheri hakuna."

Machozi yalinitoka, sitaficha, na hasira pia. Nikaweka mkoba chini. Nikafungua pazia, nikafungua dirisha, nikaichukua ile feni nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, nikaigeuza itazame nje.

Wifi yake akashika mdomo. "Dada, mgonjwa anapepewa, wewe unapepea mtaa?"

"Ndiyo. Napepea mtaa."

"Utatuulia mtu hapa."

"Wifi, nipe muda wa kikombe kimoja cha chai. Usipoona tofauti, igeuze na mimi unifukuze."

Hakuna aliyenipenda mle ndani. Nilisimama mbele ya feni nimeipa mgongo ili asiiguse mtu, na mwili huu Mungu alionipa ukafanya kazi. Mkobani sikosi uzi. Nikakata kipande, nikakifunga kwenye wavu wa feni, nikasogea waone. Uzi ukaruka nje. Halafu pazia la mlangoni, ambalo lilikuwa limelala tangu nifike, likavimba taratibu kuelekea ndani, na hewa ya uani, ya sabuni na majani, ikaingia ikipita miguuni mwetu. Yule bibi akaacha kupepea. Akatazama kanga yake, akatazama pazia, akajifunga kanga.

Mwalimu alikuwa anatazama uzi.

Tulikunywa chai. Pumzi yake ikawa bado nzito, sitadanganya kwamba feni ni dawa, lakini iliacha kupiga filimbi. Jua lilipoanza kupungua nikasimama, nikafika mlangoni, nikasita. Nilitaka kumwambia mambo. Nilitaka mara moja tu katika maisha yetu tuagane kama watu.

"Mwalimu," nikasema, "naaga."

Akageuza kichwa juu ya mto, taratibu, macho yale yale.

"Toka basi, jirani," akasema. "Umeziba mlango."

Nikatoka. Nikazunguka nyumba kuelekea barabarani, nikapita chini ya dirisha lake. Joto la chumba kile likanipiga usoni, likinuka mafuta ya mkaratusi na tangawizi, nikajua hakuna aliyeigeuza.